Dohani ya Kigaeni

Ipo nchi moja, na msiniulize ipo upande gani wa ramani, maana ramani yenyewe iko kwa fundi inarekebishwa. Nchi hiyo inaitwa Jamhuri ya Tutafika. Wananchi wake ni watu wa amani, wanaopenda kahawa, wimbo wa taifa na malengo. Nchi nyingine zimejaliwa dhahabu na mafuta, Tutafika imejaliwa malengo. Kila wizara ina lake, kila shule ina lake, na hata soko la samaki lina ubao mlangoni unaotangaza kwamba ifikapo mwaka fulani nzi watakuwa wamepungua kwa asilimia sitini. Nzi wenyewe bado hawajausoma, lakini ubao ni mzuri na umepakwa rangi ya bluu.

Katika nchi hiyo kuna kampuni kubwa iitwayo Kemikali Kuu. Inatengeneza mbolea, rangi, sabuni ya unga, dawa ya mende na dawa ya kifua. Wenye midomo yao husema dawa ya kifua ilikuja mwisho, baada ya kampuni kuwasikiliza majirani zake wakikohoa. Hayo mimi siyajui. Ninachojua ni kwamba kiwanda kilikuwa na dohani, yaani bomba la kutolea moshi, refu kuliko minara yote ya nchi. Jumatatu lilitoa moshi wa njano, Jumatano wa kijivu, na Ijumaa, siku ya kusafisha matangi, lilitoa moshi wa rangi ambayo hakuna aliyewahi kuipa jina. Watu wa kijiji cha Kigaeni, ng'ambo ya ukuta wa kiwanda, hawakuhitaji kalenda. Walitazama juu wakajua leo ni siku gani.

Mambo yalikwenda hivyo miaka arobaini, mpaka wanunuzi wa ng'ambo walipoandika barua. Walisema dunia inapata joto, hewa ukaa imezidi, na wao hawatanunua tena hata pakiti moja ya sabuni kwa kampuni inayotoa moshi. Kemikali Kuu ikawajibu kwa adabu kwamba inalo lengo la kufika sifuri. Wanunuzi wakaandika tena. Walisema malengo ya kampuni hiyo wanayo kabati zima, sasa wanataka sifuri yenyewe, na wanaitaka katika miezi sita.

Wakurugenzi wakajifungia hotelini siku tatu. Wahandisi wakaja na michoro ya kuchuja moshi, ya kubadilisha matanuri, ya kupunguza uzalishaji, na kila mchoro ulipokunjuliwa wakurugenzi walihisi kichwa kinawauma. Siku ya tatu akasimama mwanasheria.

"Waheshimiwa," alisema, "naomba kuuliza swali la kijinga. Hewa ukaa yetu yote inatokea wapi?"

"Kwenye dohani," wakamjibu.

"Basi kampuni haina tatizo. Dohani ndiyo yenye tatizo."

Mtu mmoja akaanza kucheka kwa furaha. Kabla ya chakula cha mchana walikuwa wamekwisha kubaliana kwamba dohani iondoke mikononi mwa kampuni, ila isiondoke pale ilipo.

*

Mwenyekiti wa kijiji cha Kigaeni alikuwa Bi Somoe Mtanda, mjane wa miaka hamsini na mitano, mfinyanzi mwana wa mfinyanzi. Kigaeni nzima waliishi kwa udongo. Walifinyanga vyungu, mitungi, mikungu na vyetezo, wakavichoma katika tanuri kubwa lililokuwa nyuma ya nyumba ya Bi Somoe, na wilaya tatu zilipika na kuteka maji kwa kazi ya mikono yao. Wengine wana mashamba, sisi tuna moto, ndivyo alivyozoea kusema. Walimchagua mwenyekiti kwa sababu alikuwa mkweli, na pia kwa sababu sauti yake ilifika mwisho wa kijiji bila kipaza sauti.

Siku kampuni ilipotuma habari kwamba inaleta zawadi, Bi Somoe hakulala vizuri kwa furaha. Kijiji kilikuwa kimeomba zahanati miaka kumi na minane, na kila mwaka kilijibiwa kwa kupewa kofia. Binti yake, Mwanamvua, ambaye pia ndiye alikuwa karani wa kijiji, alikuwa na mimba ya miezi tisa. Bi Somoe alijua fika kwamba kutoka Kigaeni hadi hospitali ni mwendo wa kumzalisha mtu njiani.

Wageni walikuja na mahema, viti vilivyovishwa nguo, na bendi. Alikuja Waziri wa Anga na Malengo, Mheshimiwa Dakta Kahozi Lumelezi, akiwa na miwani ya jua ingawa jua halikuwa likionekana kwa moshi. Alikuja pia Bwana Renatus Shauri, Meneja wa Ujirani Mwema wa Kemikali Kuu, mtu laini, mwenye sauti ya kubembeleza hata anapokohoa. Mezani waliweka kisanduku kilichofungwa kwa karatasi ya kumeremeta na utepe mwekundu.

"Mheshimiwa Waziri, itifaki imezingatiwa," alianza Bwana Shauri. "Ndugu zangu wa Kigaeni, tulikaa tukajiuliza, jirani mwema humpa jirani yake nini? Wengine hutoa kilichowazidi. Wengine hutoa kilichochakaa. Sisi tumeamua kuwapa kitu kirefu kuliko vyote tulivyo navyo!"

Vigelegele vikapaa.

"Kirefu?" mama mmoja alimnong'oneza mwenzake. "Itakuwa barabara."

"Au bomba la maji," alisema mwenzake, na wote wawili wakapiga kigelegele kingine.

Bwana Shauri akatoa karatasi ya kutia saini, iliyosema kwamba kijiji kimepokea kilichomo kisandukuni kwa moyo mkunjufu, pamoja na yote yatokanayo nacho. Mwanamvua akamwinamia mama yake sikioni.

"Mama, tufungue kwanza tusome."

"Mbele ya wageni?" Bi Somoe alimkata jicho. "Unataka waseme hatukufundwa?"

Kwa maana kwao Kigaeni, kama kwa watu wote waliolelewa, zawadi haifunguliwi mbele ya aliyeileta. Kuifungua ni kumwambia mgeni usoni kwamba asubiri kidogo, apimwe kama anastahili asante. Mtu huipokea kwa mikono miwili, hupiga goti, huiweka ndani, na huifungua mgeni akiwa amekwisha vuka mto. Inasemekana mwanasheria wa Kemikali Kuu alilelewa na bibi yake, na karatasi ya kumeremeta aliichagua mwenyewe dukani.

Bi Somoe alipiga goti, akapokea kisanduku, akashangaa wepesi wake. Akatia saini kwa mwandiko mzuri wa shule ya zamani. Kisha, kwa kuwa mgeni haondoki mikono mitupu, alimpa Waziri mtungi wa maji wenye nakshi na Bwana Shauri jogoo mwekundu.

*

Magari yalipotoweka, kamati ya kijiji ikakusanyika barazani kwa Bi Somoe, kisanduku kikafunguliwa. Ndani mlikuwa na hati moja yenye mhuri. Mwanamvua akaisoma kwa sauti, akaisoma tena kimoyomoyo, kisha akaketi chini.

"Wametupa dohani," alisema.

"Dohani ipi?"

"Ile." Akanyoosha kidole juu, ambako hapakuwa na haja ya kunyoosha kidole. "Kuanzia mita mbili kutoka ardhini hadi nchani ni mali ya kijiji cha Kigaeni, pamoja na chochote kipitacho ndani yake. Mita mbili za chini na moto wake ni mali ya kampuni."

Mzee Nguzo, mkongwe wa kamati, alitikisa kisanduku kuona kama kimebaki kitu. "Kwa hiyo zahanati hatuna," alisema.

"Hatuna."

"Lakini dohani tunayo."

"Tunayo."

"Haya," alisema Mzee Nguzo, "tangu nizaliwe sijamiliki kitu kirefu kushinda jembe. Alhamdulillahi."

Siku mbili tatu kijiji kiliona fahari kidogo, msiwacheke. Watu walisimama njiani wakaiangalia dohani yao kwa jicho la mwenye mali. Upande wa pili wa ukuta nako kulikuwa na sherehe. Kemikali Kuu ilipimwa na wataalamu, ikakutwa haitoi hata chembe ya hewa ukaa, ikapewa cheti cha Kampuni Safi Kuliko Zote. Wanunuzi wa ng'ambo wakafurahi, wakaagiza sabuni mara mbili ya mwanzo. Kiwanda kikaongeza zamu ya Jumapili, na Kigaeni wakapata rangi mpya ya moshi kwa siku ambayo zamani haikuwa nayo.

*

Wiki hiyohiyo Mwanamvua alijifungua mtoto wa kike, na alijifungua nyumbani, mikononi mwa mama yake. Mtoto alikuja mzima, ana sauti. Siku ya tatu ndipo alipofika Ofisa Kombo Tindwa wa Wizara ya Anga na Malengo, akiwa na mashine yenye taa na daftari lenye jalada gumu.

Aliielekeza mashine juu, akaisoma, akaipiga kofi, akaisoma tena. Kisha akamtazama Bi Somoe kwa huzuni.

"Mama Mwenyekiti, kijiji chako kina watu wangapi?"

"Mia tatu na kumi na wawili. Na kumi na watatu, tukimhesabu mjukuu wangu."

"Hawa watu mia tatu na kumi na watatu wanatoa hewa ukaa kuliko miji mitatu mikubwa ya Jamhuri ikijumlishwa pamoja. Mama, kwa nini mnaifanyia dunia hivi?"

"Moshi si wetu, baba. Unatoka kiwandani."

"Unapitia wapi?"

"Kwenye dohani."

"Dohani ya nani?"

Bi Somoe akatazama chini. Alikuwa mkweli, na ukweli ulikuwa umetiwa saini kwa mwandiko wake mwenyewe.

"Basi tutaiziba," alisema. "Kama ni yetu, tutapanda tuizibe leo hii."

Ofisa Tindwa alifungua daftari, akalamba kidole, akafunua kurasa. "Mnaruhusiwa. Mwenye mali hakatazwi kitu. Lakini mkiziba, moshi utarudi chini kiwandani, na moshi huo ni wa kijiji. Moshi wa kijiji kuingia eneo la kampuni bila kibali ni uvamizi. Mwenyekiti anakwenda jela miaka saba."

"Kwa hiyo tufanye nini?"

"Mpunguze. Sheria inasema mtoa moshi mkubwa asiye na lengo lililosajiliwa atapunguza nusu, na mpaka apunguze, mioto yake yote izimwe. Dohani hamwezi kuizima kwa kuwa moto wake si wenu. Tutazima mliyo nayo."

Akaanza nyumba ya kwanza mpaka ya mwisho. Ofisa Tindwa hakuwa mtu katili. Hakuvunja jiko la mtu, alichukua figa moja tu kati ya matatu, kwa sababu wataalamu wa wizara walikuwa wamefanya utafiti wa miaka miwili wakagundua kwamba chungu hakikai juu ya mafiga mawili. Kila figa liliandikwa namba kwa chokaa, likapakiwa kwenye lori. Tanuri la Bi Somoe lilizungushiwa utepe wa njano na kupigwa lakiri mlangoni. Ndani yake mlikuwa na vyungu mia mbili vilivyopangwa tayari kuchomwa kesho yake.

"Ofisa, mwanangu ni mzazi wa siku tatu," alisema Bi Somoe, na safari hii sauti yake haikufika hata mwisho wa ua. "Mzazi hukandwa kwa maji ya moto. Anywe uji. Niachie moto wa sufuria moja."

Ofisa Tindwa alivua kofia. "Hongera sana kwa mjukuu, mama. Maji mnaweza kuyaanika juani."

Kwa hiyo Bi Somoe alianika maji juani. Jua la Kigaeni lilikuwa limefunikwa na mali ya kijiji, hivyo hadi alasiri maji yalikuwa na uvuguvugu wa mashaka. Alimkanda mwanawe kwa maji hayo, akimkanda huku akilia, na Mwanamvua akimwambia nyamaza mama, yana joto, yana joto kabisa. Hayakuwa na joto. Mtoto kwenye mkeka alikohoa kikohozi kidogo kikavu, kama mtu mzima anayetaka kuanza kusema jambo.

Wiki nne walikula mihogo mibichi na unga uliolowekwa. Mvua ikanyesha, na vyungu vilivyosubiri nje zamu ya moto vikalegea, vikakaa kitako, vikarudi kuwa tope. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, lakini hata gae lahitaji kilichopikwa. Mwisho wa mwezi Ofisa Tindwa akaja kupima. Mashine ilionyesha kwamba kwa kuzima mioto yote, Kigaeni wamepunguza moshi wao kwa fungu moja katika mafungu elfu kumi. Aliandika daftarini kwamba mwelekeo ni mzuri.

*

Bi Somoe akajifunga kanga kiunoni, akaenda Kemikali Kuu. Alipitishwa ofisi moja baada ya nyingine, zote zina ubaridi mzuri na hewa safi, hadi kwa Bwana Renatus Shauri. Ukutani kulikuwa na kile cheti. Jogoo hakuonekana.

"Mama Somoe! Afadhali umekuja," alisema Bwana Shauri, akiinuka. "Nilikuwa nataka kuwaandikia. Kwa kweli ile dohani yenu inatusumbua. Juzi masizi yalianguka juu ya gari la Mkurugenzi. Sisi ni kampuni safi, mama, na ujirani ni kuvumiliana, lakini jitahidini."

Bi Somoe alivuta pumzi mpaka kanga ikambana. "Nimekuja kuirudisha," alisema.

"Kuirudisha?" Uso wa Bwana Shauri ulijaa uchungu wa kweli. "Zawadi? Mama, mtu mzima kama wewe! Mimi jogoo wako niliwahi kumrudisha?"

Hapo alimshika. Bi Somoe aliona aibu, maana tangu azaliwe hakuwahi kusikia mtu wa kwao amerudisha zawadi. Kisha akauliza jambo lililokuwa likimkereketa tangu lori la mafiga lilipoondoka.

"Bwana Shauri, dohani hii mlikuwa nayo miaka arobaini. Inatoa moshi uleule. Mbona ninyi hakuna aliyewahi kuja kuwazimia moto?"

"Tulikuwa na lengo, mama," alijibu Bwana Shauri, akishangaa kwamba yupo mtu asiyejua. Akafungua kabati nyuma yake. Lilikuwa limejaa majalada mazuri, moja la kila muhula. "Hili la kupunguza nusu katika miaka kumi. Hili la kuhuisha lile la kupunguza nusu. Hili la kuweka lengo jipya. Sheria inamgusa asiye na lengo tu. Mwenye lengo ni mshirika wa maendeleo."

"Na mlipunguza?"

"Mama," alisema Bwana Shauri kwa upole, "hilo ni swali jingine."

*

Mwanzoni mwa mwezi uliofuata kulikuwa na Kongamano Kuu la Anga, kwenye ukumbi wenye mazulia. Ukubwa wa kiti ulifuata ukubwa wa moshi, na kwa kuwa Kigaeni ndicho kilikuwa mtoa moshi mkubwa kuliko wote nchini, Bi Somoe aliwekwa meza ya mbele, kiti cha tatu kutoka kwa Waziri. Alipewa mkoba, kalamu na chupa ya maji. Chakula kililetwa kikiwa moto, kinafuka, na yeye alikitazama akamkumbuka Mwanamvua, kikamshinda kumeza.

Njiani alikuwa amejipangia maneno yake, yote ya kweli. Alipoitwa jukwaani aliyasema bila kupunguza.

"Waheshimiwa, mimi ni mfinyanzi. Moshi mnaouandika kwetu si wetu. Tulipewa kwenye karatasi ya kumeremeta, tukaona haya kuifungua. Leo watoto wetu wanakula unga wa maji baridi, mwanangu mzazi amekandwa kwa maji ya kuanikwa, na moshi uko palepale. Naomba mturudishie moto wetu, na moshi mumrudishie mwenye moshi."

Alipomaliza watu walitazamana. Mtu alidondosha kijiko. Waziri alitazama wasaidizi wake, wasaidizi wakatazama ratiba, na mshereheshaji, mwanamume mwenye suti inayong'aa, akamsogelea Bi Somoe akafunika kipaza sauti kwa kiganja.

"Mama, tumekusikiliza kwa makini, lakini hatujaelewa. Maneno yako yote hayana mwaka."

"Mwaka gani?"

"Mwaka wowote. Watu wanasubiri kupiga makofi, hawajui wapigie wapi."

Bi Somoe alitazama ukumbi. Aliona mikono mia tano imekaa tayari juu ya mapaja. Aliyafikiria yale maji ya vuguvugu, akalifikiria tanuri lenye lakiri. Moyo ulimuuma, na hilo nalisema wazi kwa sababu baadaye wapo waliosema kwamba alifurahia. Akakishika kipaza sauti, ambacho hakuwahi kukihitaji maishani mwake.

"Kijiji cha Kigaeni," alisema polepole, "kinalo lengo."

Mtu mmoja nyuma akapiga makofi mawili, akajizuia.

"Kijiji cha Kigaeni kimedhamiria, kwa kushirikiana na wadau, kufikisha moshi sifuri ifikapo mwaka..." Akahesabu kwa vidole. Akafika mwisho wa umri wake, akavuka umri wa Mwanamvua, akavuka wa mjukuu, na bado aliona nyuso zinamhimiza asonge mbele. "Ifikapo mwaka elfu mbili na tisini!"

Ukumbi ulilipuka. Watu walisimama, waliosimama wakapanda juu ya viti. "Lengo hoyee!" alipaza mshereheshaji. "Hoyee!" ukaitika ukumbi. Waziri Lumelezi alivua miwani, akafuta machozi ya kweli kabisa, akasema kwamba leo ameona mwanamke wa kijijini akiitazama kesho bila kupepesa macho. Bwana Shauri alikuja kumshika mkono. Lengo likasajiliwa palepale, likapigwa mhuri, likaingizwa kwenye jalada zuri la kijani, na mhuri wenyewe haukuchukua muda mrefu kuliko kupiga chafya.

*

Lori la mafiga lilirudi Kigaeni kabla ya wiki kuisha. Namba za chokaa zilikuwa zimefutika kwa mvua, kwa hiyo kila nyumba ilipewa figa lolote, na tangu siku hiyo vyungu vyote vya Kigaeni hukaa mshazari. Hakuna aliyelalamika. Ofisa Tindwa mwenyewe alikata utepe wa tanuri, akabandua lakiri kwa kisu, akampigia Bi Somoe saluti kama mshirika wa maendeleo.

Wanawake waliimba wakipanga kuni. Bi Somoe alishika kijinga cha moto kwa mkono wake, akakisukuma ndani, na miali ilipodaka ukapigwa ukelele uliosikika ofisini kwa Bwana Shauri. Siku hiyo Mwanamvua alikandwa kwa maji ya moto, moto wa kweli, wa kumfanya aseme yallah. Alikunywa uji wa pilipili manga, vibakuli viwili. Mzee Nguzo alimwita Bi Somoe mkombozi wetu, na yeye akacheka, akafurahi, akakubali kuitwa hivyo.

Siku ya tatu vyungu vya kwanza vikatoka, vyekundu, vizima, vinalia ukivigonga. Ilikuwa Ijumaa. Bi Somoe alikuwa akivipanga uani pale Mwanamvua alipotoka ndani na mtoto, akasimama karibu yake. Mtoto alikuwa akikohoa kile kikohozi chake kikavu, na alikuwa amekikohoa tangu alfajiri. Juu yao dohani ilikuwa ikitoa ile rangi isiyo na jina.

"Mama," alisema Mwanamvua, "moto tumeupata, nashukuru. Na huu moshi utaisha lini?"

Bi Somoe aliweka chungu chini, akajipangusa mikono kwenye kanga. Alitaka kusema hajui. Alitaka kusema mwanangu nisamehe, ningekusikiliza siku ile. Alifumbua mdomo, na sauti iliyomtoka ilikuwa ile ya kongamanoni.

"Mwanangu, kijiji kimedhamiria," alisema. "Ifikapo mwaka elfu mbili na tisini, moshi wote utakuwa sifuri."

Kisha akasubiri. Mwanamvua alikuwa amembeba mtoto kwa mikono yote miwili, kwa hiyo hakupiga makofi.